Pini ya Mtandio na Fyuzi Tatu



Najua mmezoea kunikuta hapa na habari za hina, za singo, na za namna ya kumfunga bi harusi mtandio usiomteleza mpaka afike ukumbini. Leo nimekuja na habari ya gari. Msikimbie. Habari yenyewe inaanza na tundu la kuchajia simu na inaishia kwenye jambo ambalo nilitakiwa kulijua kabla sijaolewa. Nimechelewa kulijua, basi nawasimulieni nyinyi ambao bado mna nafasi.

Gari yetu ni ndogo, ya mtumba, imekuja kutoka Japani ikiwa na umri wake. Siku za kazi anaitumia mume wangu. Jioni na siku za mapumziko naitumia mimi kufuata maharusi, maana kazi yangu ni kupamba, na maharusi hawakai mjini peke yake. Leo niko Bububu, kesho Nungwi, keshokutwa Makunduchi. Mkoba wa hina na piko uko kiti cha nyuma, vipodozi viko kwenye sanduku, na pini za mitandio ziko kila mahali: kwenye mkoba, kwenye kikombe cha mlango, kwenye kile kisahani kilicho chini ya redio.

Chini ya kisahani hicho lipo tundu la duara, lile ambalo zamani watu walikuwa wakiwashia sigara. Sisi tunachomeka chaja ya simu, chetezo kidogo cha udi cha umeme, na pampu ya kujazia upepo tairi. Letu halina kifuniko. Kilivunjika kabla hatujainunua gari, wala hatukujali. Shikeni hilo la kifuniko, nitalirudia.

Fyuzi ya kwanza

Mwezi wa Shaaban, kama mnavyojua, ni mwezi wa pilika. Kila mtu anataka harusi yake ipite kabla ya Ramadhani. Asubuhi moja tulitoka pamoja, tairi ya nyuma ilikuwa imelala. Mume wangu akatoa pampu yake, akaichomeka kwenye kile kigawanyo cha matundu matatu, akaanza kujaza. Dakika chache hivi, pampu ikazima. Chaja ikazima. Kila kitu kimya.

Siku ile akafungua kijisanduku cha fyuzi kilicho chini ya dashibodi, upande wa dereva, akaitoa moja iliyoungua, ya buluu, imeandikwa 15. Akanunua nyengine kama ile, akaiweka, mambo yakarudi. Akasema, "Pampu hii inakula umeme mwingi, nimekosea."

Alikiri mwenyewe. Mimi nikaliweka moyoni: mume wangu ndiye muunguza fyuzi. Nilichokisahau ni kwamba kwenye kigawanyo kile kile mlikuwa na chetezo changu kinafuka udi na simu yangu inachaji. Langu lilinitoka haraka. Lake likabaki.

Fyuzi ya pili

Wiki mbili baadaye nilikwenda Makunduchi kumpaka hina bi harusi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini. Hina ya miguu na mikono, na shangazi wa bi harusi naye akataka, na wifi naye akataka, ikawa nimemaliza baada ya sala ya Isha. Saa tatu usiku ndipo nilipoingia garini. Simu ilikuwa na asilimia 6.

Nikachomeka chaja. Ile taa yake ndogo ikawaka kwa nukta moja, ikazima. Nikatoa, nikachomeka tena. Hakuna kitu. Redio nayo kimya, maana katika gari yetu redio na tundu lile vinakula fyuzi moja.

Kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni, peke yangu kizani, kilikuwa: "Pampu yake hiyo!" Sikufikiri kwamba pampu ilikuwa imebaki nyumbani tangu siku ile. Nikaendesha. Simu ikafa nilipokaribia Kitogani. Nikapita matuta ya Jozani, nikapita Tunguu, nasoma adhkari zangu, na baina ya adhkari nikimlaumu mtu.

Nilipofika nyumbani nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani akatoka na kanga yake kichwani, akaniambia mama mkwe kaanguka baada ya sala ya Isha, sukari imeshuka, wamemkimbiza hospitali.

Mama mkwe wangu anaishi na sisi. Ana kisukari, na mimi ndiye ninayemsimamia dawa. Orodha ya dawa zake, vipimo vya sindano yake, na daftari la sukari ya kila asubuhi, vyote nimevipiga picha, viko kwenye simu yangu. Kwenye simu yangu tu. Daktari alipouliza mgonjwa anatumia dawa gani na kiasi gani, mume wangu alinipigia mimi. Nilipokuja kuichaji simu ile usiku ule nikakuta kanipigia mara 23.

Alhamdulillah, madaktari walifanya wanavyojua, mgonjwa akazinduka. Nilipofika alikuwa ameshafumbua macho, ananiuliza mimi kama nimekula. Mume wangu alikuwa kwenye ukumbi wa nje, amesimama. Aliponiona akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ndogo, akageuka akatazama ukuta. Kisha akasema, "Mtu anaendaje safari ya usiku peke yake bila simu?"

Na mimi, nimechoka, nina hofu, nina aibu, nikamjibu mbele ya dada yake: "Kaiulize pampu yako."

Shoga zangu, maneno mengine hayarudi. Wifi yangu akainamisha kichwa. Mume wangu hakunijibu kitu. Usiku ule wala siku ya pili.

Fyuzi ya tatu

Zikapita siku sita. Hatukugombana. Tulikuwa tukisalimiana, chakula kinapikwa, chai inamiminwa, mama mkwe karudi nyumbani na sote tunamcheka anavyokataa uji. Lakini mimi na yeye tulikuwa kama wapangaji wawili wenye adabu. Walioolewa wanaelewa. Wasioolewa, Allah awaepushe.

Siku ya Ijumaa, kabla hajakwenda msikitini, alirudi na fyuzi mpya, ya buluu, namba 15. Akaiweka. Tundu lilikuwa tupu, hakuna kilichochomekwa. Akazungusha ufunguo hatua ya kwanza tu, ile ya kuwasha redio bila ya kuwasha injini. Ikaungua pale pale. Akaitoa, akanionesha ule waya mdogo wa ndani umekatika na plastiki imepiga weusi, akaiweka juu ya meza, akaenda zake kusali.

Hata hapo sikufikiri. Nilichojisemea ni kwamba pampu imeshaliharibu tundu kabisa.

Jioni akaja jirani mmoja, mwanamume, mwenye nia njema. Akasema, "Mtie ya 30 tu, hiyo haiungui tena. Au chukua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, izungushe kwenye fyuzi iliyokufa, inapiga kazi." Mume wangu akamshukuru na akakataa. Sikuelewa kwa nini, mpaka nilipoeleweshwa na fundi. Nawaelezeni hapa hapa, maana ushauri huo mtausikia.

Fyuzi ni kipande dhaifu kilichowekwa makusudi. Waya unaokwenda kwenye lile tundu umefichwa ndani ya dashibodi, nyuma ya mazulia na plastiki. Waya huo una kiasi chake cha umeme unaoweza kuubeba. Ukipita umeme mwingi kuliko kiasi hicho, waya unapata moto, mpira wake unayeyuka, na moto wenyewe unaanzia mahali ambapo huuoni. Ndiyo maana pakawekwa kitu kidogo kitangulie kufa kabla ya waya. Ukiweka ya 30 pahala pa 15, au ukazungusha karatasi ya fedha, umemwambia yule mlinzi alale. Fyuzi haitaungua tena, ni kweli. Itakayoungua ni gari.

Kwa fundi

Jumamosi nikaamua kwenda mwenyewe kwa fundi umeme wa magari, kule Mwanakwerekwe. Nikamchukua mtoto wa dada yangu anifuate. Nataka nikiri nia yangu: nilikwenda ili fundi aseme kwamba ni pampu, nirudi na ushahidi.

Fundi ni kijana, mikono myeusi kwa mafuta, mpole. Nikamsimulia yote tangu mwanzo: pampu, tairi, Makunduchi, mume wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Sawa, dada. Hiyo ni fyuzi ya kwanza. Mimi nakuuliza hizi mbili za mwisho."

Nikanyamaza.

Akaniuliza maswali matatu. Ilipokufa ya pili, palikuwa pamechomekwa nini? Chaja ya simu tu. Ilikufa hapo hapo au baada ya muda? Hapo hapo, taa iliwaka kidogo ikazima. Na ya tatu? Hapakuwa na kitu kabisa, ilikufa ufunguo ulipozungushwa.

Akatikisa kichwa. "Fyuzi ikichukua muda kufa, maana yake umeitwisha mzigo mkubwa. Ikifa hapo hapo bila ya mzigo, hiyo ni shoti. Pampu haiunguzi fyuzi ikiwa iko nyumbani."

Akahakikisha ufunguo umetolewa, akamulika tochi ndani ya tundu. Akaniita nitazame.

Kule chini, ililala pini. Pini ya mtandio, yenye kichwa cha lulu, ile ninayonunua kwa pakiti Darajani. Ncha yake imegusa kile kitufe cha katikati ya tundu, na ubavu wake umegusa ukuta wa chuma wa pembeni. Ule wa katikati ndio unaoleta umeme, na ukuta ndio unaourudisha. Pini ilikuwa imeunganisha njia mbili ambazo hazitakiwi kukutana bila kitu baina yao. Ile lulu yake ilikuwa imebabuka, chuma kimepiga weusi.

Kilichotokea sasa kikawa wazi. Pini ilidondoka kutoka kile kisahani, nadhani siku ile ile nilipokuwa nikijirekebisha mtandio kwenye kioo kabla ya kushuka Makunduchi. Ikakaa ndani bila ya kugusa pande zote mbili, na redio ikaendelea kuimba. Nilipochomeka chaja, ncha ya chaja ikaisukuma, ikagusa, fyuzi ikafa. Safari ya kurudi na matuta yake ikaikaza pale pale. Mume wangu alipoweka fyuzi mpya, pini ilikuwa tayari inaisubiri.

Fundi akaitoa kwa kibano cha plastiki. Akaweka fyuzi ya 15. Akazungusha ufunguo. Redio ikaimba. Akachomeka chaja yangu, taa ya buluu ikakaa. Kazi yote haikufika robo saa, na pesa aliyotaka ilikuwa ndogo mpaka nikaona haya.

Nikaomba ile pini. Mtoto wa dada akauliza, "Ya nini, mama mdogo?" Nikamwambia ni ya kumuonesha mtu.

Nyumbani

Mume wangu alikuwa amekaa barazani na mama yake. Nilitaka nisubiri tukiwa peke yetu, lakini nikakumbuka kwamba lile neno nililisema mbele ya watu. Nikaiweka pini kwenye kiganja chake. Nikasema, "Ni yangu. Pampu haina kosa. Nilikukosea, na nilikukosea mbele ya wifi. Nisamehe."

Akaitazama ile pini kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Mimi sikuwa na hasira ya fyuzi. Nilikupigia ya kwanza kwa ajili ya dawa. Kuanzia ya tano, nilikuwa nakupigia kwa sababu nilidhani umekufa njiani."

Shoga zangu, siku zote sita nilidhani tunashindana nani ameunguza fyuzi. Kumbe mwenzangu alikuwa amesimama hospitalini, mama yake upande huu hajui kama atazinduka, mke wake upande ule haipatikani simu yake, na nilipotokea mzima nikamrushia pampu usoni.

Mama mkwe akaichukua pini mkononi mwa mwanawe, akaigeuza geuza, akasema, "Na hizi ndizo zinazonichoma kwenye mito. Nunua zile za kubana." Tukacheka. Alhamdulillah.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mola wetu anatukataza tusikithirishe dhana, kwa sababu baadhi ya dhana ni dhambi. Aya hiyo nimeisoma tangu chuoni, na nilikuwa nikiichukulia kuwa ni ya majirani na wasengenyaji. Sikujua kwamba mtu anaweza kumdhania mtu anayelala naye kitanda kimoja, kwa sababu tu alikosa mara moja na akakiri. Kosa lake la kwanza nililitumia kuwa ni ushahidi wa makosa mawili asiyoyafanya.

Ukiunguza fyuzi, fanya hivi

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaendesha wenyewe na si kila pahala pana fundi. Niliyofundishwa ni haya.

Kwanza, hakikisha si chaja. Jaribu kifaa chengine, au jaribu chaja yako kwenye gari nyengine. Baadhi ya plagi za gari zina fyuzi ndogo ya kioo ndani ya ncha yake, na hiyo pia huungua. Ncha inafunguka kwa kuzungusha.

Pili, zima gari na utoe ufunguo. Tafuta kijisanduku cha fyuzi. Gari nyingi zina viwili: kimoja chini ya dashibodi, chengine chini ya boneti. Mara nyingi kifuniko kina mchoro. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, tazama herufi CIG, au ACC, au neno OUTLET. Ndani ya kijisanduku huwa pana kibano kidogo cha plastiki cha kuchomolea. Piga picha kwa simu kabla hujachomoa, usije ukasahau ilikaa wapi.

Tatu, itazame fyuzi kwenye mwanga. Waya wa ndani ukiwa mzima, fyuzi ni nzima aghalabu. Ukiwa umekatika au pamepiga weusi, imekufa. Rangi zake zina maana: nyekundu ni amp 10, buluu ni 15, manjano ni 20, kijani ni 30. Lakini fuata namba iliyoandikwa kwenye mchoro wa gari yako, usifuate aliyoiweka mwenye gari wa kabla yako.

Nne, kabla ya kuweka mpya, mulika ndani ya tundu. Tafuta pini, senti, kipande cha karatasi ya fedha kilichodondoka kwenye chetezo, chavu la kipuli. Ukikiona, kitoe kwa kitu cha plastiki au cha mti, ufunguo ukiwa nje. Tundu katika baadhi ya gari lina umeme hata gari ikiwa imezimwa, kwa hiyo ikiwa fyuzi ni nzima, ichomoe kwanza ndipo uingize kitu humo. Usitie kibano cha nyusi, shoga yangu. Hicho ni chuma.

Tano, weka fyuzi mpya ya namba ile ile na tundu likiwa tupu. Zungusha ufunguo. Ikifa pale pale, kuna shoti kwenye tundu au kwenye waya, na hapo mwachie fundi. Usiendelee kuziunguza. Ikikaa, chomeka kitu kimoja. Ikifa kwa kitu hicho, umempata mkosaji. Ikikaa mpaka unapopita kwenye matuta ndipo ife, mwambie fundi hivyo hivyo, huenda pana waya uliochubuka.

Sita, jifunze hesabu moja tu: wati ugawe kwa 12, unapata amp. Siku ile ya kwanza ilikuwa hivi: pampu imeandikwa amp 14. Chetezo changu wati 48, ni amp 4. Chaja wati 24, ni amp 2. Jumla 20, kwenye fyuzi ya 15. Ndiyo ikastahamili dakika chache kisha ikafa. Sita kati ya hizo 20 zilikuwa zangu mimi. Kigawanyo cha matundu matatu kinaongeza matundu, hakiongezi umeme.

Na kwa hesabu hiyo hiyo, wapambaji wenzangu, ile mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,200 inataka amp 100. Umeme ukikatika kwa bi harusi, usikimbilie kuichomeka garini kwa inveta. Tundu haliwezi, na halitaweza.

Kwa maharusi

Gari ya harusi siku hizi ina mambo mengi: taa za kumetameta kwenye maua, chetezo, simu tatu zinachaji, na mtu wa video naye anataka kuchomeka betri ya kamera. Gawanyeni mzigo. Simu zichajiwe nyumbani, chukueni pawabenki, chetezo kiwashwe kabla ya kutoka. Wekeni fyuzi mbili za akiba za namba ya gari yenu kwenye mkoba wa somo, pamoja na sindano na uzi. Ni kitu cha bei ndogo. Na pini zenu zikae kwenye kikasha chenye mfuniko.

Mimi nimenunua kifuniko cha mpira cha lile tundu. Orodha ya dawa za mama mkwe nimeiandika kwenye karatasi, ipo mlangoni mwa friji, na mume wangu anayo kwenye simu yake, na wifi anayo. Kabla ya safari ya mbali namwambia natoka saa ngapi na natarajia kufika saa ngapi. Haya nayo ni katika kufunga ngamia kabla ya kutawakali.

Na jengine ni hili. Siku mwenzako atakapopandisha sauti, au atakaponyamaza akatazama ukuta, ujue kitu kimeungua ili kikubwa zaidi kisiungue. Usimwambie asiungue tena. Usiendelee kuweka mpya juu ya mpya kwa msamaha wa haraka haraka ilhali pini bado imo ndani. Chukua tochi utazame. Na utazame ukiwa tayari kukuta kwamba pini ni yako.

Ile pini ninayo. Imo kwenye kikasha changu cha hina, imebabuka, haifungi kitu tena.

Allah awajaalie maharusi wote nyumba zenye sakina, atuhifadhi njiani, na awape shifaa wagonjwa wetu. Aamin.

Wassalaam alaykum warahmatullah.